Cheti cha Mke Wangu, Ukuta Wangu

Nilipovuka miaka arobaini nilikuwa nimeshamtangazia kila aliyenisikiliza kwamba hakuna jambo lililobaki la kunishangaza. Na nilikuwa na haki. Shule niliacha darasa la tatu, na kabla sijaota ndevu nilikuwa nagonga bati kwenye kibanda cha fundi mmoja mjini Kakamega kwa malipo ya chakula cha mchana. Leo kibanda hicho ni changu, na cha jirani pia. Ukiona sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni limesimama stendi mwezi wa Januari, ligeuze utazame kona za chini. Kama kila kona imepigwa ribiti mbili, hilo limetoka kwangu. Wenzangu hupiga moja, kisha wanapaka rangi nzito ili usione. Shamba la Lurambi nililinunua bila mkopo wa mtu. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, simiti mpaka jikoni. Watu waliosoma mpaka wakachoka wananiita Mzee, na wanangoja nimalize chai yangu ndipo waseme shida zao.

Kitu ambacho sikuwa nimekijua ni wivu. Huo ulinikuta nyumbani kwangu mwenyewe, miaka hii ya tisini, mke wangu alipoanza kulea watoto wa watu.

Wetu walikuwa wameshakua, wako shule. Nesi wa jirani akaomba amwachie mke wangu mtoto akienda zamu. Mke wangu akakubali. Halafu akaja karani wa benki na wake, halafu walimu wawili, na kabla sijajua ni nani aliyewaambia nani, sebule yangu imejaa mikeka, nepi zimeanikwa kwenye ua kama bendera, na watoto ambao siwajui wanakunywa uji kwa vikombe vyangu. Mwanzoni nilifurahi. Niliona ni nyumba yangu inayosifiwa. Karani gani angepeleka mtoto wake kwenye nyumba ya udongo?

Lakini polepole nikaona sifa haziji kwangu. Nikipita mjini, mtu aliyevaa tai ananisimamisha, nanyoosha mkono nikijua anataka sanduku, kumbe anataka kuniuliza, "Wewe ndiye bwana ya yule mama analeanga watoto Lurambi? Msalimie sana." Msalimie sana. Nyumba nimejenga mimi, salamu anapelekewa yeye. Jioni nikirudi namkuta ana mtoto mgongoni na mwingine ameshika sketi yake, anawaimbia kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuimbiwa, na chakula changu kimefunikwa kwa sahani mezani kama cha mgeni aliyekosa basi. Mke wangu ana kicheko cha chini chini, kama cha mtu anayekumbuka jambo zuri. Kicheko hicho nilikuwa nakihesabu kuwa mali yangu. Sasa kilikuwa kinatolewa mlangoni asubuhi kwa kila aliyeleta mtoto.

Ndipo ofisi ikaja. Watu wa afya wa mji walikuwa wanazunguka wakisema kila anayelea watoto wa watu nyumbani lazima ajiandikishe. Afisa aliyetumwa kwetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mvua. Alipima madirisha, akachungulia choo, akafunua mtungi wa maji na kuufunika tena. Mimi nilifuata nyuma nikimweleza bei ya kila tofali. Hakuuliza.

Alipoketi, alizungumza na mke wangu tu. Watoto wasizidi kumi. Kila mmoja awe na kadi yake: jina, ugonjwa anaougua kama upo, wazazi ni akina nani, na ni nani anaruhusiwa kumchukua jioni.

"Hizo kadi zinafungiwa," alisema. "Wazazi wengine hawaishi kwa amani, Mama. Mtu anaweza kuja hapa na maneno matamu aondoke na mtoto wa mwenyewe. Mambo ya mtoto yasitoke kwako yakaenda sokoni, kanisani, wala popote."

"Hayatatoka," nilisema. "Nyumba hii haina domo."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Wewe unalea watoto, Mzee?"

"Mimi ni mwenye nyumba."

"Sijauliza hivyo. Unawalea?"

"Hapana. Hiyo ni kazi ya wanawake."

"Basi nawe huhusiki. Kadi hizo hata wewe usizione."

Mke wangu alitazama sakafu, na nilijua anazuia kicheko. Aliweka sahihi kwenye karatasi ya kiapo, pole pole, kwa mwandiko wake mzuri wa kidato cha pili. Mimi mwandiko wangu ni wa kuandika "juu" na "chini" kwenye maboksi.

Afisa akasema kadi zinahitaji sanduku lenye kitasa. Hapo, nakubali, kiburi kilinishika mkono. Ningeweza kumwambia mke wangu anunue kopo la biskuti na kufuli. Badala yake nilikwenda kibandani nikamtengenezea sanduku ambalo sijatengeneza mfano wake tena: bati nene, ribiti tatu kila kona, bawaba za ndani, kitasa nilichokifungua na kukifunga mpaka vidole vikaota malengelenge. Nilimkabidhi mbele ya afisa aliporudi kukagua. Afisa alilisukuma, akalivuta, akalipiga ngumi.

"Hii haifunguki bila ufunguo," alisema.

"Haifunguki," nilisema, nikiwa na furaha yangu.

"Vizuri. Mama, funguo zote mbili zikae kwako."

Nikazitoa mfukoni, moja na nyingine, nikampa.

Cheti kilikuja baada ya hapo. Mke wangu alikipachika sebuleni, kwenye ukuta wangu, msumari wangu. Nilimwomba anisomee. Jina lake, kisha jina la baba yake. Langu halikuwepo. Nilidhani ameruka mstari.

"Kitambulisho changu kina jina la baba," alisema. "Wameandika kilichoko kwa kitambulisho."

Hapo mtu atauliza tatizo ni nini, na ni lazima niseme. Mke wangu alikuja kwangu nikiwa sina kitu, tukaanza maisha, na kwao Mayoni nilipeleka ng'ombe mmoja na maneno mengi. Wengine nilisema watafuata. Biashara ikakua, watoto wakaja, karo, matofali, na kila mwaka niliona wakwe wananyamaza nikadhani wameridhika. Kwa desturi yetu mwanamke ambaye ng'ombe wake hawajafika bado ni wa baba yake. Baba akimwita, anarudi. Akija mtu mwingine na ng'ombe kamili, wazee wanaweza kukaa chini na kumsikiliza. Hilo nilikuwa nimelisahau kwa raha. Cheti kile kilinikumbusha kila asubuhi nikivaa viatu.

Na mtu mwingine alikuwepo. Alikuwa mwalimu wa chuo upande wa Sigalagala, mwanaume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono, anayeleta mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Wengine wote walioleta watoto walikuwa akina mama. Huyu alikuja mwenyewe asubuhi, akaja mwenyewe jioni. Alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hata mimi silifanyi. Siku nyingine alileta ndizi mbivu. Ndizi ziko shambani kwangu tele, zinaliwa na ndege, lakini za kwake ndizo ziliwekwa kwenye sahani ya maua.

"Habari ya reo, Mzee," alinisalimu kila mara. Mtu wa chuo, na bado anasema "reo".

"Nzuri. Mama ya mtoto hajambo?"

"Tunashukuru Mungu."

Hiyo ndiyo habari yote niliyowahi kuipata kwake. Tunashukuru Mungu. Nikamgeukia mke wangu siku moja akikunja nepi.

"Yule mwalimu, bibi yake yuko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Hujui ama huwezi?"

"Najua. Siwezi."

"Mama watoto, mimi ni bwana yako."

"Wewe ni bwana yangu, na sahihi ni yangu."

"Kwa hivyo kuna mambo yako na yeye ambayo mimi siyajui."

"Yako mambo yangu na wazazi wote wa hapa ambayo huyajui. Na ya nesi huyaulizi."

Kweli, ya nesi sikuyauliza. Nesi havui viatu. Nililitazama lile sanduku chini ya kitanda chetu mara nyingi. Nyundo na tindo ninazo, lakini ningelivunja ningesema nini kwa watu? Kwamba kazi ya mkono wangu inavunjika? Na vitasa vya wengine navifungua kwa kipande cha waya. Hicho changu kilinishinda.

Nikaanza kurudi nyumbani saa ambazo si zangu. Nasema nimesahau futi ya kupimia. Nimesahau miwani, na miwani sikuwa navaa. Siku ile nilipitia nyuma, upande wa jikoni, kwa sababu niliona baiskeli ya mwalimu imeegemezwa kwenye mti wa mapera mchana kweupe, saa ambayo mtu wa chuo anapaswa kuwa chuoni. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mama, nimekuja kuripa mahari," ilikuwa sauti yake. "Naogopa nikikawia mwingine ataichukua."

"Ni kweli," mke wangu alisema. "Imebaki hiyo moja tu, na wanaoulizia ni wengi."

"Ofisi haitakataa?"

"Nitawaandikia. Wakishajua, imekwisha."

"Na mzee wa hapa? Ananiurizanga maswali mengi."

"Mzee wa hapa hahusiki. Hayo ni ya mimi na wewe na ofisi."

Halafu akacheka kile kicheko.

Sijui kama wewe msomaji umewahi kusikia mtu akilipa mahari ya mke wako, ndani ya nyumba yako, na mke mwenyewe anapokea. Mimi nilishika ukuta. Simiti ile niliikoroga mwenyewe. Mwingine angeingia kwa kishindo, apige mtu, akalale seli. Mimi sikufika nilipofika kwa kupiga watu. Kazi ikitaka kuchukuliwa na fundi mwingine huendi kupigana na fundi, unakwenda kwa mwenye kazi na bei yako. Mwenye kazi alikuwa Mayoni.

Nilimpitia kaka yangu mkubwa. Alikuwa anapalilia.

"Vaa koti, twende kwa wakwe."

"Leo? Umetuma mtu?"

"Sijatuma."

"Watu hawaendanga hivyo. Hata sukari hatuna."

"Sukari tutanunua hapo sokoni. Vaa koti."

Tulifika na sukari, majani ya chai na mkate, tumejaa vumbi la barabara ya matrekta ya miwa. Shemeji zangu wa kike walikuwa wanachambua mboga uani.

"Mulamwa wetu," mmoja alisema, na hivyo ndivyo shemeji huitwa kwetu, "umefukuzwa na nyuki ama na deni?"

"Muache," mwingine akasema. "Huyu alipotelea njiani na ng'ombe zetu tangu mimi niko shule. Amefika sasa."

Mama mkwe alibaki jikoni, kwa sababu mimi na yeye hatutazamani usoni. Baba mkwe akatuketisha. Mwoaji hajisemei, kaka ndiye husema, nami nilitakiwa kukaa kama mtungi. Kaka alisema tumekuja kumaliza ile habari. Mzee hakushangaa hata kidogo. Alimwuliza kaka yangu kuhusu mvua. Akauliza kuhusu mbolea. Ikaletwa ingokho na obusuma, kuku mnono na ugali wa wimbi, na firigisi akaila mwenyewe polepole akiniangalia. Nilikuwa naona baiskeli ya mwalimu ikija kwenye kila kichaka cha miwa.

"Kijana yako ana haraka," mzee alimwambia kaka. Kijana! Nina wafanyakazi saba.

"Ni furaha tu, Mzee," kaka alisema.

Hapo nikashindwa. "Mzee, kuna mtu mwingine alikuja hapa kwa hii habari?"

Kaka alifunika macho kwa kiganja. Mjomba mmoja aliyekuwa ameketi kando akasema bila kupandisha sauti, "Amejisemea. Hiyo ni mbuzi."

"Ni mbuzi," mzee alikubali. Kisha akaniangalia muda mrefu, kama ninavyomwangalia mteja aliyeshika sanduku asitake kuliachia. "Watu wanakujanga," alisema. "Huyu mtoto yangu sasa ni mtu ya ofisi. Nasikia ana cheti. Nasikia jina yangu iko kwa ukuta yako."

"Iko, Mzee," kaka alisema.

"Wakati ule ulichukua msichana hana kitu. Sasa unalipia mama ameandikishwa, anaaminiwa na watoto ya makarani na manesi. Hiyo si bei moja."

Kaka alipigana, nampa heshima yake. Alitaja masanduku, akataja simiti, akataja wajukuu. Mzee alisikiliza yote na kusema, "Na cheti?" Mwisho nilimvuta kaka koti, nikamnong'oneza akubali. Tulikubali ng'ombe aliotaka mzee, wote, pamoja na mbuzi wa mdomo wangu, koti la mzee na blanketi la mama mkwe. Nyumbani nilimwambia mke wangu nimekwenda kutafuta bati. Siku ya mnada nikanunua ng'ombe, sikubishana bei, na wauzaji wakaliona hilo mapema. Wakafikishwa Mayoni, mzee akawapokea mbele ya mashahidi. Siku hiyo nilirudi Lurambi nikitembea katikati ya barabara.

Mwalimu alikuwa mlangoni, anavaa viatu, mtoto wake wa kike amemshika mkono. Mke wangu alisimama mbele yake na mtoto mchanga mgongoni, mgeni, ambaye sikuwa nimemwona kabla ya wiki ile.

"Mwalimu," nilisema, "umechelewa. Mahari nimelipa yote leo."

Akanyoosha mgongo. "Umeniripia, Mzee? Rakini mimi niriripa wiki iliyopita. Mama alinipa risiti."

"Ulimlipa mama?"

"Sasa ningemripa nani?"

"Mwanamke mwenyewe halipwi mahari."

"Si yake, Mzee. Ni ya mtoto."

"Mahari ya mtoto gani? Huyu ana miaka mitatu."

"Si huyu. Huyo mdogo, kwa mgongo ya mama."

Mke wangu alinitazama, akamtazama mwalimu, akanitazama tena. Nilimwona akirudisha maneno nyuma mpaka dirisha la jikoni.

"Baba watoto," alisema, "mwalimu alilipia mahali. Mahali pa mtoto kulala. Ofisi iliniruhusu watoto kumi, na palikuwa pamebaki mahali pamoja tu."

Kwetu L na R hukaa chumba kimoja, na mtu huchukua iliyo karibu. Mimi mwenyewe huwa nasema "kurara" nikiwa nimechoka. Lakini masikio yangu yalikuwa yamekaa wiki nyingi yakingoja neno moja, na neno likaja.

Mwalimu alinipa mkono. "Hongera basi, Mzee," alisema, na akaondoka akisukuma baiskeli, mtoto ameketi mbele. Sidhani alielewa. Na kama alielewa, adabu yake ile ile ilinichoma zaidi ya kicheko.

Tulibaki sisi wawili na mtoto mchanga. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alipangusa mikono kwenye kitenge.

"Ulikwenda Mayoni kweli?"

"Nilikwenda. Nimemaliza. Hakuna mtu atakayekuja kukuita tena."

"Mama yangu amepata blanketi?"

"Amepata. Zito."

Alitikisa kichwa polepole, na macho yake yalikuwa na maji, hilo siwezi kulikosea. "Miaka yote hiyo dada zangu wakiniuliza, nilikuwa nasema ng'ombe ziko njiani," alisema.

Hapo ingetosha. Lakini mtoto mgongoni alijigeuza, nikaona ana masikio ya mwalimu, au nilidhani nimeona.

"Huyu ni wa nani? Mama yake ni nani?"

"Ana kadi yake," alisema.

"Mimi sasa nimekulipia mpaka mwisho. Hata hilo siwezi kuambiwa?"

"Umenilipia mimi. Hujamlipia yeye."

Hajaniambia mpaka leo. Mwalimu bado anakuja, bado anavua viatu, ndizi bado zinawekwa kwenye sahani ya maua, na mimi bado naisikia baiskeli yake kabla haijafika kwenye lango. Anayedhani ng'ombe huondoa wivu hajawanunua. Lakini ni mke wangu, na Mayoni nzima inajua, na ningekimbia tena vile vile.

Jioni ile, tulipoketi kula, alinitilia mboga kwanza, kabla ya mtoto yeyote, akaniuliza kwa sauti ya chini ilikuwa ngapi yote. Watu huniuliza bei kila siku, na sijawahi kujibu nikiwa na furaha namna ile. Nilimwambia: ng'ombe, mbuzi wa faini, koti, blanketi, sukari na nauli ya kaka, elfu hamsini na moja, mia nne na thelathini.